Mtazame Asiye na Mpira

Misimu yangu miwili ya mwanzo ya kufundisha timu ya kikapu ya chuo cha ualimu niliimaliza nikitazama mpira. Ukienda kulia, macho yangu yanaufuata kulia. Ukitupwa, nausindikiza hewani mpaka ugonge ringi. Mchezo ukiisha wachezaji wananizunguka wakihema, "Madam, tumekosea wapi?" Nami jibu langu lilikuwa moja: hatukufunga. Jibu hilo walikuwa nalo tayari, walikuwa wamelisoma kwenye matokeo. Walichokuja kuniuliza sikukijua, kwa sababu sikukiona.

Naandika haya kwa ajili yako mkufunzi kijana uliyeripoti chuoni mwaka huu, ukaitwa ofisini, ukaambiwa timu ya kikapu ni yako. Huku Mtwara ndivyo wengi wetu tulivyoanza. Mimi nilikabidhiwa kwa sababu nilicheza netiboli nikiwa sekondari, na mkubwa wangu wa kazi aliona mpira ni mpira. Sikuwa nimewahi kusoma sheria hata moja ya kikapu. Kwa hiyo usiogope.

Anza na hesabu hii, maana ndiyo iliyonibadilisha. Mchezo una robo nne za dakika 10, jumla dakika 40. Uwanjani wako wachezaji 10, mpira ni mmoja. Ukiugawa sawasawa, kila mtu anakaa na mpira dakika 4. Toa muda ambao mpira uko hewani au unabingirika chini, zinabaki pungufu. Sasa jiulize: hizo dakika 36 nyingine mchezaji wako anafanya nini? Nilipojiuliza hivyo nikaona kwamba mazoezi yangu yote, kuanzia kudunda, kupasi hadi kutupia kikapuni, yalikuwa ya zile dakika 4. Zile 36 nilikuwa nimewaachia wajitafutie wenyewe.

Wanachuo wanaokuja kwetu kwa stashahada wanakaa miaka miwili. Katika 20 wanaojitokeza siku ya kwanza, wawili au watatu ndio waliowahi kushika mpira wa kikapu. Wengine wameuona tu, hasa waliokuwa hapa mjini mwaka 2019 na 2021, mashindano ya UMISSETA, ya shule za sekondari, yalipofanyika Mtwara, wakaona watoto wa mikoa mingine wanavyoucheza. Huna muda wa kumfanya mtu wa namna hiyo awe fundi wa kudunda mpira kwa mikono yote miwili. Lakini kujua asimame wapi na akimbie lini, hilo mtu mzima analishika ndani ya majuma machache, akifundishwa.

Wasichana waliocheza netiboli usiwaangalie kama watu wa kuanza sifuri. Wengi wanaamini hivyo, na wao wenyewe wanajidharau. Ringi ya netiboli iko mita 3.05 kutoka ardhini, sawasawa kabisa na ya kikapu. Netiboli haina ubao nyuma ya ringi, kwa hiyo mfungaji mzuri ana mkono mtulivu kuliko mvulana aliyezoea kubamiza mpira ubaoni akitegemea bahati. Tena netiboli inakulazimisha uachie mpira ndani ya sekunde 3 na inakukataza kutembea nao. Mtu aliyekulia humo anajua kujinasua kwa mkabaji bila kuwa na mpira, anajua kutua kwa miguu miwili, anajua kumtafuta mwenzake kabla hajaudaka. Shida yao ni moja, wakishaudaka wanaganda. Miguu imezoea kukatazwa. Wape juma zima la kudaka na kuchukua hatua moja ya kudunda kuelekea kikapuni, hatua moja tu, na utashangaa.

James Naismith alipoutunga mchezo huu Desemba 1891 kule Springfield, Marekani, akatundika vikapu vya kubebea mapichi na kuandika sheria 13, mwenye mpira hakuruhusiwa kukimbia nao. Alitakiwa autupe kutoka pale alipoudakia. Kudunda kulikuja baadaye. Huwa nawasimulia wasichana wa netiboli jambo hilo siku ya kwanza kabisa, ili wajue kwamba wameingia kwenye mchezo wa kupasiana, na kupasiana wanakujua.

Wavulana wanakuja na habari nyingine. Akipita mrefu yeyote uwanjani lazima aitwe Thabeet, na akishaitwa hivyo anataka kusimama chini ya ringi asubiri kuletewa. Mimi simkatazi jina hilo, namweleza lilikotoka. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam mwenye mita 2.21, alichaguliwa wa pili, na timu ya Memphis Grizzlies, kati ya wachezaji wapya wa mwaka 2009, na ndiye Mtanzania wa kwanza kufika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Kilichompeleka huko hakikuwa kufunga. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Connecticut alizuia mitupo zaidi ya minne kwa kila mchezo, kwa wastani, misimu miwili mfululizo. Hiyo ni kazi ya mtu asiye na mpira. Anamtazama mwenye mpira, anasoma miguu yake, anafika kabla yake. Mvulana mrefu akilielewa hilo anaacha kuomba mpira na anaanza kukaba.

Sasa niseme jinsi nilivyopata njia ya kuzifundisha zile dakika 36, maana sikuipata kwenye semina. Ilitoka kwenye Ramadhani.

Wachezaji wangu wengi ni Waislamu na wanafunga. Miaka ya mwanzo, mwezi ukiandama, waliofunga niliwaweka pembeni, wasiofunga nikaendelea nao kama kawaida. Nilidhani nawahurumia. Kumbe nilikuwa naikata timu vipande viwili. Idi ikifika, kundi moja lina pumzi na kundi jingine halina, na hawajapasiana mwezi mzima. Mwaka mmoja nahodha wa wavulana akanijia jioni, akasema, "Shikamoo madam. Sisi tuliofunga tunaomba tuje. Hata tukitembea tu."

Nikamwambia waje watembee. Na kwa vile nilijua mpira ukiwepo hakuna atakayetembea, nikauacha stoo.

Hapo ndipo jambo lilipofunguka. Saa 11 jioni, jua limepungua makali, watano wanasimama hivi na watano wanawakaba, hakuna mpira. Mimi nasimama pembeni nataja mpira ulipo: "Uko kwa nahodha!" Wote wanasogea kwa mwendo wa kawaida, kama watu wanaotoka sokoni. "Umepigwa pasi kona ya kushoto!" Wanasogea tena. Halafu nasema, "Ganda!" Kila mtu anabaki alipo. Nazunguka mmoja mmoja namuuliza, mtu wako yuko wapi? Mpira uko wapi? Kwa nini umesimama hapa?

Siku tatu za mwanzo ilikuwa aibu kwangu zaidi kuliko kwao. Hakuna aliyejua. Niliyemdhania mkabaji wangu bora alikuwa amempa mgongo mtu wake kila mara, na nilikuwa sijawahi kuona, kwa sababu kwenye mchezo wa kukimbia kasi yake ilikuwa inamfichia kosa. Washambuliaji walikuwa wanasogelea mpira kama nzi. Wanne wanasimama ndani ya eneo ambalo mkabaji mmoja anaweza kulifunika. Aliyetoa pasi anabaki palepale akiitazama pasi yake inavyokwenda. Ukiwaona wamesimama kimya, kosa lenyewe linajionyesha na mchezaji analiona kwa macho yake. Hulazimiki kupiga kelele.

Basi tukarekebisha taratibu. Kati yako na mwenzako hatua nne au tano. Ukitoa pasi, elekea kikapuni, usipopewa toka upande wa pili umpishe mwingine. Ukikaba aliye mbali na mpira, simama mahali ambapo mkono mmoja unaweza kumnyooshea mtu wako na mwingine kuunyooshea mpira bila kugeuza shingo. Na semeni! Kukaba kwa kimya ni kukaba nusu. Anayeona skrini inakuja, yaani mpinzani anayesimama kumzibia mkabaji njia, amtajie mwenzake kabla hajaigonga. Wasiofunga nao walitembea pamoja na wenzao, na maji wakanywa nyuma ya jengo, jambo ambalo sikuwaagiza.

Baada ya Idi tulicheza na chuo ambacho mwaka uliotangulia kilitufunga kwa zaidi ya pointi 30. Tukafungwa kwa 6. Pumzi hatukuwa nazo, robo ya nne walituacha. Lakini kwa robo tatu niliona watu watano wanaosogea kama wamefungwa kamba moja, na kocha wa wenzetu akaja kuniuliza tumepata mwalimu kutoka wapi. Tangu hapo, Ramadhani iwepo isiwepo, mazoezi yangu yanaanza na dakika 15 za kutembea bila mpira. Wageni wanalalamika juma la kwanza. Waache walalamike.

Jambo jingine la mikono mitupu ni ribaundi, kudaka mpira uliokosa kikapu. Mpira ukitupwa, wote 10 wanatazama juu. Asiyetazama juu ndiye anayeupata. Wafundishe mgongo kwanza, mpira baadaye. Mtafute mtu wako, mpe mgongo, mzuie asipite, ndipo uinue macho. Kwa wasichana wa kwetu hili lina ugumu wake, wengi wamelelewa kutogusana na watu kwa nguvu, na wanaomba radhi katikati ya mchezo. Usiwacheke wala usiwakemee. Mimi nawaanzisha wao kwa wao, wawili wawili, mpira umewekwa chini nyuma ya mkabaji, mwenzake anautafuta kwa sekunde 5. Baada ya siku chache aibu inatoka yenyewe. Na kama binti anavaa hijabu, ajue na wewe ujue: FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, iliruhusu vazi la kichwani mwaka 2017. Niliwahi kukutana na mwamuzi wa bonanza aliyetaka kumtoa mchezaji wangu kwa sababu ya ushungi. Siku hizi nakwenda na sheria hiyo imechapishwa, iko kwenye mkoba pamoja na filimbi.

Uwanja wetu ni wa saruji, hauna paa, na upepo wa bahari unaufikia. Miezi ya kusi mpira wa mbali unasukumwa mpaka mchezaji anadhani mkono wake umeharibika. Usimbadilishe mkono. Mfundishe kusogea karibu na kutumia kile kisanduku kilichochorwa kwenye ubao. Miezi ya kaskazi shida ni joto, na saruji ya saa 10 bado inachoma nyayo kupitia soli ya raba. Malengelenge yatakunyang'anya wachezaji wengi kuliko majeraha ya goti. John Wooden, kocha aliyeipa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 10 kati ya 1964 na 1975, alikuwa akianza msimu kwa kuwaonyesha wachezaji wake namna ya kuvaa soksi zisiwe na mikunjo. Niliposikia hilo mara ya kwanza nililiona dogo mno kwa kocha mkubwa kiasi kile. Sasa nalifanya kila mwaka, na anayekuja na raba za kuazima namuuliza namba ya mguu wake kabla sijamuuliza anacheza nafasi gani.

Kuna kosa moja ninalotaka nilieleze kwa kirefu, kwa sababu sitaki ulirudie.

Nilikuwa na mvulana wa mwaka wa kwanza, mkimya, anayejituma. Mwezi wa saba akaanza kuja mazoezi ya Jumatatu macho mekundu kabisa, anayafikicha, pasi zinampita. Jumatatu ya kwanza nikanyamaza. Ya pili, nikamsimamisha mbele ya wenzake nikamwambia kwamba mvuta bangi hana nafasi kwenye timu yangu. Hakujibu. Alivua jezi ya mazoezi, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye benchi, akaondoka.

Nahodha ndiye aliyenifuata usiku ule. "Madam, yule havuti. Ni salfa." Kila Ijumaa jioni alikuwa anakwenda Nanyamba kwa mjomba wake, ambaye ndiye anayemsomesha. Mikorosho ilikuwa inatoa maua, na ubwiri unga, ugonjwa unaoharibu maua hayo, hausubiri mtu. Alfajiri ya Jumamosi na ya Jumapili, umande ukiwa bado kwenye majani na hewa imetulia, alikuwa anabeba mashine mgongoni anapuliza salfa, dawa ya ugonjwa huo, mti kwa mti, uso umefungwa kitambaa tu. Jumapili usiku anarudi chuoni. Mimi nimekaa mkoa huu wa korosho miaka yote hiyo, na salfa nimeinusa kila mwaka. Nilikuwa sijui kuunganisha.

Nilimfuata bwenini asubuhi yake, lakini nikajua hiyo haitoshi. Nilimtuhumu mbele ya watu, nikamwomba radhi mbele ya watu walewale, jioni ya siku hiyo, kwa sauti ileile niliyomtukania. Alirudi. Nikahamisha mazoezi mazito ya Jumatatu yakawa Jumatano, si kwake tu, maana nilipouliza nikagundua walikuwa wanne wenye mashamba ya kupuliza. Mfano huu umenifanya niwe na kalenda mbili kwenye daftari langu: ya chuo, na ya kijijini. Najua nani anapuliza mwezi wa saba na nani anaokota korosho mwezi wa kumi, na najua ni nani asiyekula mchana. Hilo la mwisho utalijua ukikaa nao baada ya mazoezi. Wakinunua ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na kula pamoja, tazama nani anakula haraka.

Kuhusu daftari, nalo lina kazi mchezo ukiendelea. Usimwache mchezaji wa benchi akae bure. Mpe kalamu aandike mambo ambayo hayahesabiwi kwenye matokeo: nani alikimbia kurudi kukaba baada ya kupoteza mpira, nani alitoa sauti, nani alimpa mtu mgongo kabla ya ribaundi, nani alimsaidia mwenzake aliyepitwa. Usiandike vikapu, vyote wanavikumbuka. Mchezo ukiisha nasoma daftari hilo kwanza. Kuna binti alikaa na daftari mechi mbili. Ya tatu alipoingia uwanjani alikuwa mchezaji mwingine, kwa sababu alikuwa amejifunza kuona.

Na jiandae kuumia. Ukishaijenga timu, mwaka wa pili wanakwenda mazoezi ya kufundisha. Mmoja Newala, mmoja Masasi, wawili Tandahimba, na wewe unabaki na watu sita. Mwanzoni nilikuwa naomba ofisini wapangiwe karibu na mjini. Siombi tena.

Mwaka jana nilimtembelea mwanafunzi wangu wa zamani, yule binti wa daftari, sasa ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Tandahimba. Uwanja wao ni mchanga mwekundu, mpira hauwezi kudunda pale, na ringi hawana. Nikamkuta na watoto kumi wanatembea, watano kwa watano, mikono mitupu, yeye kasimama pembeni anataja mpira ulipo. Akasema "Ganda!" wakaganda, na katoto kamoja kakanyoosha mkono mmoja kwa mwenzake na mwingine kwenye mpira ambao haukuwepo. Fundi seremala wa kijiji alikuwa ameahidi kuwachongea nguzo. Yule binti akaniuliza, "Madam, ringi tuiweke urefu gani? Ile ya mita 3.05 hawataifikia." Nikamwambia ya wadogo ni mita 2.60, na mpira wao ni saizi 5. Akachukua kalamu, akaandika kwenye kiganja.